Jamaa kanisagia meli nzima nimelala, kaniachia KITI

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Simtaji, mnamjua. Kwenye seva yetu ya Space Engineers, ule mchezo wa kompyuta wa kujenga meli za angani, hata vimondo vinamjua.

Leo saa kumi na moja alfajiri nimeamka kabla ya kazi, nikawasha mashine nikaangalie meli yangu. Meli hakuna. Kuna KITI. Kiti kimoja cha rubani kinaelea gizani, mbele yake skrini, na kwenye skrini kaandika: ASANTE MJOMBA.

Mjomba! Mimi sina mpwa mwizi!

Wiki tatu nimeijenga ile meli. Mnajua shida ya urani, mafuta ya kinu cha umeme cha meli: kwenye sayari haipo, lazima upande juu uzunguke kimondo hadi kimondo, na hata ukanyage vipi huvuki mita 100 kwa sekunde. Kilomita 60 tu ni dakika kumi umekodoa macho gizani. Nimefanya safari hizo mpaka mke wangu akadhani nina kazi ya pili.

Na huyu bwana ndiye aliyekuja kwangu Jumapili akiomba barafu ya kutengenezea hidrojeni, mafuta yake yamemwishia, kaganda angani kama inzi kwenye asali. Nikamjazia tangi. Nikamwingiza kwenye kundi. Basi ukishakuwa kundi moja milango yote inakufungukia, mizinga inakuona ndugu. Mizinga yangu minne ilimtazama anavyosaga blok moja baada ya nyingine, ikanyamaza! Na grainda, kile kifaa cha kubomolea, ukisaga, vipuri vinaingia mfukoni mwako: sahani za chuma, mota, kompyuta, platinamu yote ya thrasta zangu sita, zile injini za kuisukuma meli.

Ila meli siyo inayoniuma. Inayoniuma ni betri. Skrini haiwaki bila umeme, wakuu. Mtu kasaga meli nzima usiku kucha, kafika mwisho, akasimama, akafikiria, AKAACHA BETRI MOJA ili nikija niikute inawaka. ASANTE MJOMBA. Inawaka mpaka sasa hivi.

#2
Pole mkuu. Ila kumwingiza kundini mtu uliyemjua Jumapili ni kumkabidhi fisi bucha.

#3
Wewe umeachiwa kiti unalalamika? Mimi huyo huyo alinisagia rifaineri, mtambo wa kusafishia madini, na kitanda cha kufufukia. Nilizaliwa upya sayari nyingine kabisa.

#4
Mjomba, hicho kiti unauza?

#5 (mleta uzi)
Msinichekeshe. KAACHA BETRI. Mwizi wa kawaida anakimbia. Huyu alikaa akaandika, tena kwa herufi kubwa, kapanga katikati ya skrini!

#6
Kapanga katikati? Huyo ana adabu.

#7
Nyie mnalia wizi, mimi jana mwizi hakuwepo kabisa. Nimejenga mtambo wa kuchimba, pistoni tatu na rota moja. Nimewasha, zikaanza kutetemeka kidogo kidogo kama mtu mwenye homa, halafu mtambo mzima ukajirusha ukutani vipande vipande. Nilikuwa nimesimama pembeni, sijagusa kitu!

#8
Huyo ni Clang kapita, yule mungu wetu wa utani wa hitilafu za fizikia. Umetoa sadaka?

#9
Clang haji bure. Umepachika pistoni juu ya rota juu ya pistoni, ulitegemea nini? Fizikia ya mchezo huu haitaki ushamba.

#10
Ushamba wako mwenyewe. Wewe meli yako haijawahi kutua bila kuvunja miguu.

#11
Hamieni Rust, mchezo mwingine wa kupambana kuishi. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi seva zinafutwa, wote mnaanza upya, hakuna cha kumlilia mtu.

#12
Rust ambako unaamka ufukweni uchi na jiwe mkononi, na kabla hujaliinua ushapigwa risasi? Asante, nabaki na pistoni zangu.

#13 (mleta uzi)
Wakuu turudi kwenye mada. Kiti. Betri. Nani ana mizinga tukamtafute leo usiku?

#14
Mizinga ninayo, tatizo intaneti. Seva iko Ulaya, mimi niko Mbeya. Nikichimba barafu, jiwe linapasuka nimeshafika nyumbani.

#15
Unatumia bando gani?

#16
La usiku, linaanza saa sita.

#17
Hilo wamelipunguza tangu mwezi jana. Mimi dakika arobaini tu likakata, nikiwa natua.

#18
Ukatua?

#19
Ilitua yenyewe. Kichwa chini.