Nimemwita bosi "notorious": vivumishi vya Kiingereza mnajifunzaje?

Tumaini_K: Wadau, naomba msaada. Nina daftari la vivumishi vigumu vya Kiingereza, kila kimoja na maana yake kwa Kiswahili. Wiki iliyopita nilimwandikia bosi wangu wa zamani barua ya shukrani, nikasema yeye ni "notorious" kwa ukarimu. Daftari langu limeandika: "notorious, maarufu". Akanijibu kwa upole kwamba neno hilo ni la mtu anayejulikana kwa ubaya. Mpaka leo sijamjibu kwa aibu. Nakosea wapi?

MpendaKamusi: Pole sana, dada. Kisawe kimoja kikiandikwa peke yake ndivyo kinavyoponza. Kwetu pia mwekevu na bahili wote hawamwagi hela ovyo, ila ukimwita mtu bahili umemtukana. Kiingereza nacho kina "thrifty", ambalo ni sifa, na "stingy", ambalo ni lawama. Tafuta kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa wanafunzi. Hueleza kwa maneno mepesi, na mara nyingi huonyesha kama neno ni la kukosoa. Halafu soma sentensi za mfano kabla hujaandika chochote! Hapo ndipo ungeona "notorious" inavyoandamana na wahalifu na barabara zenye ajali. Mimi kila neno nalipa nusu ukurasa: ufafanuzi, visawe viwili na tofauti zao, kisha sentensi niliyoikuta mahali na yangu mwenyewe. Maneno matano kwa wiki yananitosha.

Bint_Sarufi: Naongezea. Kuna mambo ambayo ufafanuzi hauyasemi. "Afraid" na "frightened" zote ni za mwenye hofu, maana zake zinakaribiana mno, lakini utasema "a frightened child", si "an afraid child". Na "tired" (aliyechoka) hupokea "very" (sana), wakati "exhausted" (aliyechoka hoi) huenda vizuri zaidi na "absolutely" (kabisa). Haya utayaokota kwenye sentensi tu.

Tumaini_K: Asanteni sana. Nimeanza upya na "childish" na "childlike", maana zote niliziandikia "-a kitoto". Kumbe ya kwanza humlaumu mtu mzima kwa utovu wa busara, ya pili husifu moyo safi! Inayofuata ni "meticulous".

MpendaKamusi: Hiyo ni makini kwa kila kitu kidogo. Asili yake ni neno la Kilatini la woga, na zamani ilimaanisha mwoga. Siku hizi ni sifa, hasa kwa kazi na utunzaji wa kumbukumbu. Na bosi mjibu, dada, amekusahihisha kwa wema.