Kitabu kipi kitangulie: mji wa pwani, muziki, au maisha ya mtunzi?

Msomaji wa Kikuyu, Dodoma

Ndugu wasomaji, kikundi chetu cha watu tisa hukutana Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, na safari hii tumekubaliana kuziweka riwaya kando ili tusome kitabu kipya cha habari za kweli za miji ya pwani, muziki wake na watunzi wake. Mchango tulionao unatosha kitabu kimoja. Tunapima vitatu: *Gone to Ground* cha Emily Brownell (2020), kinachoieleza Dar es Salaam ya miaka ya 1970 kwa kufuata saruji, matofali, usafiri na mkaa, *Street Archives and City Life* cha Emily Callaci (2017), kinachoutazama mji huohuo kupitia riwaya pendwa, magazeti na nyimbo za dansi, na *Sounds of Other Shores* cha Andrew Eisenberg (2024), kinachohusu muziki wa Waswahili wa Mombasa. Mimi ninaelekea kwa Brownell, kwa kuwa mtu anayejenga Dodoma ya leo hahitaji kufafanuliwa maana ya mji kukua kabla ya bomba la maji kufika. Tatizo ni kwamba watatu kati yetu hawasomi Kiingereza kwa urahisi, na maisha ya mtunzi bado hatujayapatia kitabu.

Mwalimu wa Ipagala

Brownell ni mzuri, lakini ningempa Callaci nafasi ya kwanza. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kijiji ndicho kilichosifiwa kuwa shamba la utu na ujenzi wa taifa, na kijana aliyekuja Dar es Salaam bila kazi alionekana mzururaji wa kurudishwa alikotoka. Kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwakamata watu wa aina hiyo barabarani. Wakati huohuo vijana hao walikuwa wakiandika hadithi fupi fupi za mapenzi na uhalifu, wakizichapisha kwa fedha za kuungaunga na kuziuza mitaani. Wengi wetu tulizisoma kwa kujificha tukiwa shuleni, tukaambiwa kuwa ni takataka. Callaci anawachukulia waandishi wale kuwa watu waliokuwa wakifikiri juu ya mji, na hilo peke yake linatosha kunifanya nikitetee kitabu chake. Kasoro ni utangulizi, ambao umejaa lugha ya chuo kikuu. Urukeni, muanze na sura ya riwaya pendwa.

Mzaliwa wa Tanga, sasa Nzuguni

Mwalimu, nakubaliana nawe kuhusu utangulizi, ila msimwache Eisenberg kwa sababu tu anaandika habari za Kenya. Swali lake, la nani Mswahili na anajulikana kwa sauti gani, linatugusa sisi pia. Juma Bhalo alizichukua nahau za muziki wa filamu za Kihindi akazivisha mashairi ya Kiswahili, ilhali Zein l'Abdin alishika udi, ile ala ya nyuzi, na kuuelekeza muziki wake Uarabuni. Wote wawili ni wa mwambao uleule, na wasikilizaji wao waliwaona kuwa ni wenzao. Hata hivyo kitabu cha muziki hakisomeki kimyakimya. Bila kuzisikiliza nyimbo zenyewe kabla ya kila sura, kikundi chenu kitabaki kusoma maelezo ya pilau bila kuionja. Kama mnataka taarabu iliyo karibu zaidi nasi, Kelly Askew alifanya utafiti wake Tanga, mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, na kitabu chake *Performing the Nation* (2002) ninacho. Si kipya, lakini bado sijaona kingine kinachoeleza vizuri kiasi hicho kwa nini mtu huinuka kwenda kutuza kwenye ubeti fulani na si mwingine.

Mkutubi Mstaafu

Ninawashangaa kidogo, wanangu. Mnatafuta maisha ya mtunzi, na mtunzi alizaliwa Ihumwa, mahali mnapopapita kila mnapokwenda Dar es Salaam. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, na tawasifu yake, *Maisha ni Kugharimia*, ilichapishwa mwaka 2013. Ndiye aliyeandika historia na mila za Wagogo kwa Kiswahili, na ndiye anayetajwa kila ngonjera zinapotajwa. Mgogo huyu aliishika arudhi ya pwani, yaani kanuni za ushairi wake, barabara hata akauchukua utenzi, ambao mwambao ulizoea kuusikia ukisimulia habari za Mtume na vita vya Kiislamu, akautumia kuisimulia Enjili. Habari ya miji ya pwani haikamiliki bila watu wa bara waliojifunza sanaa zake na kuzigeuza kuwa zao. Isitoshe, kitabu ni cha Kiswahili, kwa hiyo wale watatu hawatakaa wakingoja kutafsiriwa.

Mwalimu wa Ipagala

Shikamoo mzee. Hoja ya lugha siwezi kuipinga. Nina shaka mbili tu: tawasifu humwonyesha mtu kama alivyotaka kuonekana, na mwaka 2013 si jana.

Mkutubi Mstaafu

Marahaba. Kwa watu tisa ambao hawajawahi kukishika, ni kipya. Shaka ya kwanza ni ya haki, na ndiyo sababu kisomwe na kikundi, si na mtu mmoja.

Msomaji wa Kikuyu, Dodoma

Ahsanteni. Nimewapigia wenzangu, na saba wamekubali tuanze na Mnyampala. Callaci atafuata tukichanga tena, nami nitajitwisha kazi ya kueleza sura ya riwaya pendwa kwa Kiswahili. Brownell nitamsoma kwa gharama yangu. Ndugu wa Nzuguni, tunaomba kuazima nakala yako ya Askew kwa mwezi mmoja. Nitaipitia mwenyewe, na nitaifunika jalada kabla haijaguswa na mtu.