Mabano katika maandishi rasmi

Swali: Ndugu zangu, ripoti yangu imerudishwa ikiwa na alama nyekundu karibu kila penye mabano. Je, hayafai katika maandishi rasmi? Na nukta huwekwa ndani au nje?

Jibu la kwanza: Yanafaa, ila kwa kiasi. Ndani ya mabano huwekwa maelezo ya ziada ambayo yakiondolewa sentensi inabaki kamili, ndiyo maana katika "Mwalimu (pamoja na wanafunzi wake) amefika" kitenzi kinafuata mwalimu peke yake, na kuandika "wamefika" ni kosa linalonisikitisha kila ninapoliona. Nukta hukaa nje mabano yanapofunga sehemu tu ya sentensi; yakibeba sentensi nzima inayojitegemea, hukaa ndani.

Jibu la pili: Naongeza vifupisho: andika "Umoja wa Mataifa (UM)" mara ya kwanza, kisha UM pekee. Katika barua kwa rafiki, mabano ni kama kunong'ona pembeni, na hayana ubaya hata yakiwa mengi.

Muuliza swali: Nashukuru sana. Nimesoma upya aya moja nikakuta mabano matano, na mawili kati yake yalificha hoja kuu yenyewe, hayo nimeyaondoa.