Nataka kusomea fasihi ya kisufi, nyumbani wanauliza nitakula nini

Mjukuu wa Pangani: Habari zenu wakuu. Nimemaliza shahada ya Kiswahili, sasa nataka uzamili wa fasihi ya kisufi, ile ya njia ya kiroho katika Uislamu: mashairi yake, akhlaki, falsafa. Baba kanuna wiki ya pili hii. Mhadhiri mmoja naye kanijibu, "Hayo peleka madrasa." Babu alituachia Hamziya, kasida ya kumsifu Mtume, iliyoandikwa kwa mkono: mstari wa Kiarabu kwa wino mzito, chini yake Kiswahili kwa herufi ndogo zilizolala upande. Kiarabu nakikokota, na hicho Kiswahili chenyewe nusu sikielewi. Nianzie wapi, au nimsikilize mzee?

Kobe Mpole: Uza juisi ya miwa mkuu 😂 Ghazali, yule mwanazuoni wa kisufi, alikuwa na kiti kinono cha ualimu Baghdad, ulimi ukamganda darasani, akakiacha mwaka 1095. Wewe ndiyo kwanza unakitafuta.

Bi Kalamu: Mdogo wangu, uliza lugha kabla hujauliza chuo. Nilikwenda na pendekezo juu ya Rumi, mshairi wa kisufi aliyeandika kwa Kiajemi, nimemsoma kwa tafsiri za Kiingereza tu. Msimamizi akaniuliza, "Unamhakiki Rumi au mfasiri?" Miaka miwili ikaishia kwenye sarufi ya Kiajemi, posho ikakata katikati. Annemarie Schimmel, Mjerumani aliyefundisha Harvard 1967 hadi 1992, alijifunza hadi Kisindhi ili awasome washairi kwa lugha yao. Wewe mtaji unao nyumbani. Hicho kinachokushinda ni Kingozi, Kiswahili cha kale cha mashairi. Aidarusi bin Athumani alipoifasiri hiyo Hamziya, kasida ya al-Busiri, hakuandika Kiswahili cha magazeti. Ajira sikudanganyi, tangazo la "mtaalamu wa usufi" sijawahi kuliona huku kwetu. Omba kupitia idara ya Kiswahili au falsafa, usufi uwe ubobezi wako.

Amu Langoni: Dada kasema kweli ila kamsahau ustadhi. Kingozi hukipati kwenye kamusi peke yake, tafuta mzee ukae naye, msome ubeti kwa ubeti. Na anza na Inkishafi, utenzi wa kale wa Kiswahili, kabla ya Hamziya. Mshairi anausuta moyo wake mwenyewe, anauonyesha majumba ya mji wa Pate yaliyobaki magofu: zile zidaka zilizopangwa sahani, sasa wanalala makinda ya ndege, na bundi analia humo ndani. Hiyo falsafa ya dunia kupita utaielewa bila Kiajemi. Ukija maulidi ya msikiti wa Riyadha huku Lamu, kaa nyuma, daftari liache mfukoni siku ya kwanza.

Kobe Mpole: Mimi nabaki na juisi yangu.

Mjukuu wa Pangani: Shukrani wakuu, Bi Kalamu nakuja inbox. Jioni hii nimemwomba bibi anifungulie sanduku. Kurasa 41, ya mwisho mchwa wameila hadi katikati. Kakubali niipige picha, ila kanirudisha kwanza nikatie udhu, na kasema haitoki nje ya chumba chake.