Ziwa Ngosi siyo Coco Beach

Kikundi: WAJUKUU WA BIBI TUMPE (DAR) 🌿

Alhamisi

19:42 Lusajo: Shikamooni wakubwa. Wenzangu mambo. Nina hoja. Wiki ya Nanenane wote tutakuwa Tukuyu, Mbeya, kwa Bibi. Tusikae siku tano tunakula ndizi na kulala. Siku moja tupande Ziwa Ngosi.

19:43 Anyisile: Naunga mkono 🙌🙌

19:45 Baba Gwamaka: Marahaba. Wazo zuri sana. Mimi nabeba jiko la mkaa, tunachoma nyama palepale ziwani, watoto wanaogelea.

19:51 Shangazi Atu: Kaka. Jiko la mkaa?

19:51 Shangazi Atu: Ziwa Ngosi siyo Coco Beach.

19:52 Anyisile: 😂😂 Mama kaanza

19:56 Shangazi Atu: Cheka tu. Mimi nimeshapanda, mwaka ule tulipokwenda kwenye msiba wa mama mkubwa. Kufika juu saa nane mchana, miguu inatetemeka, soli ya kiatu kimoja imebaki kwenye tope huko nyuma. Nikainua macho nilione ziwa. Ukungu! Mweupe kama mtu kakufunika shuka usoni. Yule kijana aliyetuongoza akanyoosha mkono akasema, mama, ziwa lipo hapo chini. Nikamwambia asante, nimefurahi kusikia.

19:57 Mama Neema: Wifi 🤣 kwa hiyo hujaliona?

19:57 Shangazi Atu: Mpaka leo.

19:59 Mama Neema: Mimi mwenzenu mtu wa Tanga, mlima naujua wa Lushoto, tena nikiwa kwenye basi. Hilo ziwa gari halifiki?

20:06 Baba Gwamaka: Halifiki, shemeji. Ngoja nikueleze. Ngosi ulikuwa mlima wa moto. Ulipotapika uji wake wote, tumbo likabaki tupu, paa likaporomoka ndani. Likabaki bakuli, mvua ikalijaza. Hakuna mto unaoonekana kutoka humo. Kina ni zaidi ya mita 70, na ukingo wa bakuli pale palipo juu kabisa ni mita 2,620 kutoka usawa wa bahari. Moto wenyewe haujapoa sana huko chini, ndiyo maana serikali inatafuta umeme wa jotoardhi maeneo hayohayo. Sasa wewe unapanda ukingo kwa nje, ukifika juu unachungulia ndani. Maji yapo chini kabisa, mbali, ya kijani. Wanasema lina umbo la ramani ya Afrika. Ukilitazama kwa uzalendo, unaiona.

20:07 Lusajo: 😂 kwa uzalendo

20:08 Shangazi Atu: Mwalimu mzima wa jiografia, unajua yote hayo, halafu unataka kubeba mkaa.

20:09 Baba Gwamaka: Nimefuta mkaa.

20:15 Lusajo: Nimeongea na binamu wa Tukuyu. Njia ni hii. Tunakodi Noah mbili, tunarudi kama tunaenda Uyole, tunashukia Isongole. Hapo tunaiacha lami, tunaingia barabara ya vumbi kilomita zaidi ya tano mpaka mwanzo wa msitu. Tunalipa kiingilio cha watu wa misitu, tunachukua kijana wa kutuongoza. Kisha kwa miguu. Wenyeji wanatumia saa moja. Sisi wa Dar anasema tuweke mbili na tusibishane.

20:17 Anyisile: Na njia yenyewe?

20:24 Shangazi Atu: Mwanzoni inakudanganya. Tambarare, kivuli, migomba pori, ndege wanaimba, unapiga picha. Ukifika kwenye mianzi ndipo inasimama wima. Hapo unashika mizizi kwa mikono. Mimi nilikuwa na begi la mkononi, lile la kanisani. Niliishia kulitanguliza mbele, nalirusha hatua mbili, nalifuata, nalirusha tena.

20:25 Mama Neema: Naomba picha ya begi 🤣

20:25 Shangazi Atu: Begi lilikufa kulekule.

20:31 Mama Neema: Jamani, na goti langu je? Na Neema ana miaka saba.

20:33 Anyisile: Neema atatupita wote, ma'mdogo. Goti ndiyo tulipime mapema. Jumamosi ijayo tukutane Gongo la Mboto asubuhi, twende vilima vya Pugu. Hata mita 400 havifiki, lakini kama goti likilalamika Pugu, Ngosi tusilipeleke.

20:34 Mama Neema: Sawa. Goti limesikia.

20:40 Anyisile: Halafu baridi. Kwa kawaida kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama digrii sita na kitu. Sisi tunatoka mita sifuri, na mwezi wa nane kule ndiyo msimu wa baridi yenyewe. Lusajo usije na ile fulana isiyo na mikono.

20:41 Lusajo: Nina sweta

20:41 Anyisile: La shule. La kidato cha pili.

20:44 Mama Neema: Jumapili napita Karume kwenye mitumba, makoti ya baridi kule bei poa kwa sababu hakuna mtu Dar anayeyataka. Nitumieni saizi. Na viatu viwe vya soli yenye meno. Raba nyeupe za kutokea, kandambili na yeboyebo viache nyumbani.

20:46 Baba Gwamaka: Gambuti?

20:47 Shangazi Atu: Nzito kaka, na kisigino kinacheza ndani. Utatoka na malengelenge.

20:52 Lusajo: Swali la mwisho. Tukishafika ukingoni, tunashuka mpaka kwenye maji? Nataka picha nimeyagusa.

20:53 Baba Gwamaka: Hapana.

20:53 Lusajo: Baba, dakika chache tu

20:58 Baba Gwamaka: Hapana, Lusajo. Kushuka ni ukuta, si njia. Kunateleza hata kiangazi, na ukishuka lazima upande tena. Mtu akivunjika mguu mle ndani, nani anambeba? Mimi nina miaka 61, shangazi yako hana begi tena. Tunaangalia kutoka juu, tunakula, tunarudi.

20:59 Anyisile: Na ile mali ya Wajerumani mjomba? Si wanasimulia waliizamisha humo wakati wa Vita ya Kwanza 😄

21:00 Baba Gwamaka: Wanasimulia. Kama ipo imekaa zaidi ya miaka 100, itasubiri mtoto wa mwingine.

21:04 Lusajo: Haya. Chakula kwenye mikono: mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, parachichi, karanga. Maji lita moja na nusu kila mtu, abebe mwenyewe. Takataka zote turudi nazo. Mchango elfu thelathini kwa mtu mzima, Noah na kiingilio humohumo. Mtumieni Mama Neema.

21:05 Mama Neema: Mimi mtu wa Tanga ndiyo mhazini wa Wanyakyusa. Sawa.

21:09 Baba Gwamaka: Tiketi za basi tukate wiki hii. Nanenane Uyole hufurika, maonyesho yako viwanja vya John Mwakangale palepale. Msije mkafika Kituo cha Magufuli Mbezi siku ya safari mkaambiwa limejaa.

21:20 Lusajo: Bibi katuma sauti kupitia simu ya binamu. Kaongea Kinyakyusa tupu, namwandikia Mama Neema:

21:23 Lusajo: "Mugonile nyote. Nimesikia mnakwenda Ngosi. Mimi magoti hayapandi, nitakuja nanyi mpaka Isongole, nitakaa kwa mwenye viazi, nichague gunia langu taratibu bila mtu kunikimbiza. Mkirudi mtanikuta. Muondoke kwangu saa kumi na mbili alfajiri, maana ukungu ukishakaa hauombwi kuondoka. Atu, siku ile nilikwambia hivyohivyo. Ukasema ngoja chai. Ukanywa chai mpaka saa nne."

21:23 Anyisile: 😳

21:23 Mama Neema: WIFI

21:24 Baba Gwamaka: 😂😂😂😂 Miaka yote hii tunaulaumu ukungu!

21:26 Lusajo: Shangazi upo?

21:31 Shangazi Atu: Huyu mama naye hasahau kitu.

21:32 Shangazi Atu: Mama Neema, koti langu saizi kubwa, lenye kofia. Kiatu 39.

21:32 Shangazi Atu: Na chupa ya chai nabeba mimi. Tutanywa ndani ya Noah.