Naomba ushauri: mama anasahau sana, ndugu wanataka apelekwe makao ya wazee

Habari zenu ndugu zangu. Mama yangu ana miaka 78, naishi naye Tanga. Juzi nilimkuta jikoni kashika mwiko, sufuria ya uji imeungua hadi imekuwa nyeusi, akaniuliza, "Baba yako karudi shamba?" Baba alifariki 2009. Nilishindwa kumjibu, nikamshika mkono tukaenda kukaa barazani.

Jioni ndiyo balaa. Giza likianza kuingia anafunga kanga zake furushi, anataka kurudi kwao Lushoto.

Daktari wa kwanza alisema ni uzee tu. Sikuridhika, maana bibi alifika miaka 90 akiwa na akili timamu. Wa pili ameagiza apimwe vitamini B12 na tezi ya shingo. Kumbe metformin, dawa ya sukari anayomeza miaka mingi, inaweza kushusha B12, na ikipungua sana kumbukumbu huathirika. Majibu bado.

Kaka yangu anataka tumpeleke makao ya wazee ya kulipia. Moyo wangu unakataa, ila narudi kutoka kazini saa kumi na mbili jioni na dada wa kazi ameshalemewa.

Mliouguza mzazi wa hivi, akisema "nataka kwetu" mnamjibu nini? Na mliompeleka makao, mliangalia nini kwanza? Mimi naogopa zaidi usiku, nani atamsikia akiamka? Nisaidieni jamani.