Mteja anataka ghorofa tatu juu ya msingi wa ghorofa moja, nimwambieje?

Nondo16

Wakuu habari za muda huu. Naomba mawazo ya waliowahi kupita hapa maana Jumatatu mteja anataka jibu.

Tuna ofisi ndogo ya ushauri wa uhandisi hapa Dodoma, mimi na mwenzangu, alafu vijana wawili, mmoja anachora na mwingine yuko SEAP, ule mpango wa mafunzo kazini kwa mainjinia wapya, anatafuta usajili wake ERB, bodi ya usajili wa wahandisi. Kazi zetu ndo hizi za kawaida, nyumba za watu, fremu za maduka, makalavati ya mitaani, kukagua nondo za slabu kabla zege halijamwagwa.

Sasa kuna mteja wetu wa siku nyingi, mtu mzuri kwa kweli na analipa kwa wakati, tulimchorea nyumba ya ghorofa moja upande wa kuelekea UDOM, za kupangisha. Tulichimba shimo la majaribio, juu kuna mbuga ile nyeusi ambayo kiangazi inapasuka mpaka unaingiza mkono, masika inavimba, chini yake ndo unakuta granaiti iliyooza. Tukashusha msingi mpaka mita 1.8 tuiache mbuga juu, na kwa kuwa mteja hakutaka kulipia maabara kwenye hesabu tukaupa udongo uwezo wa kubeba kilopasikali 150 tu, yani kama tani 15 kwa kila mita ya mraba. Pedi za kati, yani vitako vya zege chini ya nguzo, ni mita 1.3 kwa 1.3, nguzo milimita 230 kwa 230 zenye nondo nne za milimita 16. Kibali cha jiji kimetoka kwa ghorofa moja.

Pedi zimeshamwagwa, bimu za chini bado, nguzo zimechomoza nondo tu. Juzi kanipigia anasema mji umekua, tangu serikali ianze kuhamia watumishi wanatafuta nyumba, SGR nayo imeanza 2024, kwaiyo anataka ifike ghorofa tatu. Nikamwambia ngoja nipige hesabu. Nguzo ya kati inabeba eneo la mita 4 kwa 4, kwa ghorofa moja kwenye pedi zinafika tani kama 25, kwa ghorofa tatu zinakuja tani 61, gawanya kwa eneo la pedi unapata kilopasikali 360 kwenye udongo niliouamini 150! Nguzo nayo kwa BS 8110, ile kanuni ya Uingereza ya zege, na zege la nguvu ya 25 uwezo wake unaishia kama tani 71 wakati mzigo ukishakuzwa kwa ajili ya usalama unafika 88.

Nikampelekea hayo. Akasema mainjinia mnazidisha, fundi wake kamwambia msingi ule unabeba hata ghorofa tano, na kuna mtu yuko tayari kumgongea muhuri kwa laki tano, ila yeye anapenda kazi ibaki kwetu. Kugonga sigongi, hilo limeisha. Ninachouliza ni namna ya kumweleza akanielewa, na akienda kwa huyo mwingine sisi tunabaki wapi, maana michoro ya msingi ina jina letu na kibao cha saiti kina jina letu.

Pwaguzi_Kizota

Mkuu unajitesa bure, nyumba ngapi hapa mjini zimeongezwa juu na zimesimama? Wewe usipogonga atagonga mwingine, hela ya watoto inaondoka. Punguza uzito basi, weka tofali za nyepesi na paa la bati biashara iishe.

Babu_Mizani

Nondo16 hesabu zako nimezirudia kwa mkono, ziko sawa.

Wewe Pwaguzi, tofali nyepesi zinasaidia lakini haziwezi kuziba pengo la zaidi ya mara mbili, mzigo mkubwa ni slabu zenyewe. Na kusimama leo sio ushahidi. Dodoma tunapata mvua kwa miezi michache kisha ukame mrefu, ndo maana mbuga inavimba na kusinyaa kila mwaka, jengo linachoka kidogo kidogo. Tena tuko pembeni ya Bonde la Ufa, ardhi hapa inatikisika mara kwa mara, na nguzo iliyozidiwa haina akiba siku ya tetemeko.

Sasa kijana wangu, kosa ambalo wengi wanafanya hapo ni kumwambia mteja haiwezekani alafu wanakaa kimya. Mteja akisikia haiwezekani anaenda kwa anayesema inawezekana. Mwambie inawezekana kwa masharti haya na bei hii, na ana bahati amekuja kabla ya bimu za chini maana saa hii pedi bado zinafikika, slabu ikishamwagwa kazi hiyohiyo itamgharimu mara nyingi zaidi.

Kwanza udongo upimwe maabara kwa kina kilekile cha msingi. Ukibaki na 150 yako, ghorofa tatu inataka pedi ya kama mita 2.1 kwa 2.1, hiyo ni karibu kuanza upya. Lakini granaiti iliyooza mara nyingi inatoa zaidi, ikitoka 250 pedi inatosha kama mita 1.6 kwa 1.6, yani sentimita 15 kila upande, hapo unachokora pembeni, unatoboa, unapandikiza nondo kwa epoksi na unamwaga zege jipya kuzunguka. Usisahau unene, nguzo yenye mzigo ule itataka kuitoboa pedi hata kama udongo umekubali. Nguzo zenyewe ziende 300 kwa 300 kuanzia kwenye pedi, nondo za nyongeza zipandikizwe, sio kuanzia juu ya jamvi la sakafu ya chini kama nilivyowahi kuona.

Alafu piga na hesabu ya ghorofa mbili. Naona kama hapo ndipo mtakapokutana.

FundiNondo_Nkuhungu

Wakuu mimi ni fundi, nasikitika kusikia fundi mwenzetu kasema vile, sio wote tuko hivo. Fundi anaona pedi imejaa nondo anadhani ni imara kwa kila kitu, lakini yeye hajui udongo wa chini umepewa mzigo gani.

Injinia mi nakuuliza kitu kimoja, hizo pedi wakati zinamwagwa kyubu, vile vipande vya zege vya kupima nguvu, zilichukuliwa? Maana hesabu zako zote zimesimama kwenye zege la 25 na sisi tuliopo saiti tunajua inavokuwa, jua likiwa kali vijana wanaongeza maji ili liteleze, mita ya maji hakuna ni ndoo tu. Kabla hujapandikiza nondo kwenye zege la zamani hakikisha lile zege ni zima, vinginevyo epoksi itashika kitu kilichooza. Na hizo nondo zilizochomoza mwambie fundi asizikunje kunja, nimeona watu wanazilaza zisichome watu alafu wanazinyoosha kwa bomba, zinakatika.

Nondo16

Babu_Mizani shikamoo mzee, asante sana. Fundi, kyubu zipo, tulichukua siku ya kumwaga, za siku 7 zilikua vizuri na za siku 28 zinavunjwa wiki hii.

Ghorofa mbili nimepiga, inakuja kama tani 43, kilopasikali 254, na nguzo ya 230 inapita, mzigo uliokuzwa ni tani kama 62 dhidi ya 71. Kwaiyo kila kitu kinasimama kwenye udongo.

Pwaguzi, nimekusoma kaka ila siwezi. Jengo lilipoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 tulikaa siku kadhaa tunaangalia watu wanafukuliwa. Waliokua ndani walikua wanauza na kununua, hakuna aliyejua nguzo ina nondo ngapi. Hawa wapangaji nao hawatajua.

DadaMkadiriaji

Kaka mimi ni QS, mkadiriaji wa gharama za ujenzi, nakushauri usimpelekee kilopasikali, mpelekee shilingi. Chora karatasi moja tu, safu ya kwanza ghorofa mbili kwa kuimarisha kidogo sasa hivi, ya pili ghorofa tatu kwa kupanua pedi zote, ya tatu ghorofa moja ilivyo kwenye kibali. Weka gharama na kodi ya wapangaji kwa mwaka kila moja. Wateja wengi wakiona kodi ya ile floo ya mwisho inalipa lini gharama ya msingi wanapunguza wenyewe.

Mkumbushe na kibali. Ni cha ghorofa moja, akipandisha zaidi bila kupeleka michoro mipya jiji wana haki ya kusimamisha na kupiga X nyekundu, na huyo wa laki tano hatakuwepo siku hiyo. Na benki ikija kukagua kwa ajili ya mkopo inaweza kuomba kibali.

Kuhusu jina lenu, andika barua. Sio meseji ya WhatsApp, barua yenye tarehe, useme msingi ulisanifiwa kwa ghorofa moja tu, haujakubaliwa kwa zaidi, na michoro yenu isitumike kwa zaidi. Apokee kwa sahihi, nakala ibaki kwenye faili.

Pwaguzi_Kizota

Dada hapo umenena, hiyo ya barua sikuiwaza. Nakala si apeleke moja kwa moja jiji na ERB?

Babu_Mizani

Marahaba Nondo16. Pwaguzi, hapana, sio kwa kuanzia. Mteja hajafanya kosa lolote bado, ameuliza tu, ukimshtaki leo umevunja uaminifu bure. Barua ya kwanza ni yake peke yake. Ila ukiona saiti inapanda kuliko michoro, siku hiyohiyo unaandika ya pili, hiyo inaenda jiji na kwa bodi, na unaondoa jina kwenye kibao. Hapo hakuna kusubiri, wajibu wetu kwa watu watakaolala mule unatangulia mkataba, na hilo tulikula kiapo.

Nondo16

Mrejesho wakuu. Tumekaa nae na ile karatasi ya dada, shilingi amezielewa haraka kuliko nilivotegemea. Ya ghorofa tatu ameiacha mwenyewe. Amekubali kulipia kipimo cha udongo, majibu yakitoka 260 kwenda juu tunaenda ghorofa mbili na michoro mipya jiji, yakitoka chini ya hapo tutapanua zile pedi za kati. Barua amepokea na kusaini, alinuna kidogo ila amesaini. Kinachobaki ni ada ya usanifu mpya, anasema ni mwendelezo wa kazi ileile.

Babu_Mizani

Sio mwendelezo. Ni jengo jingine, hesabu nyingine na dhamana nyingine, andika mkataba mpya na nusu ilipwe kabla hujafungua kompyuta. Hela ya maabara ailipe yeye moja kwa moja, isipite kwako. Na pedi yenyewe na udongo wa juu yake vina uzito, viongeze kwenye hiyo 254 kabla hujaiamini hiyo 260, mimi ningetaka 280. Yule kijana wako wa SEAP mpeleke shimoni sampuli zikichukuliwa, aandike kwenye logibuku yake, lile daftari la kumbukumbu za mafunzo.

Nondo16

280 nimeiandika mzee. Kijana anaenda kesho asubuhi.